Nani Alizima Gita Langu Milimani

Mimi simwamini mtu anayeniambia kitu fulani ni rahisi. Katika maisha yangu hakuna kilichokuwa rahisi, na vyote nimevipata. Shule niliacha darasa la tano. Gita langu la kwanza nililiunda mwenyewe kwa mkebe wa mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli, na baiskeli yenyewe haikuwa yangu. Hakuna mwalimu aliyenishika kidole akaniambia weka hapa. Leo ukiuliza kuanzia Kondele, hapa Kisumu, mpaka Usenge ziwani ni nani anayepiga benga, muziki wetu wa gita, hadi watu wanasahau samaki kwenye sahani, watakutajia mimi. Wasiponitaja, wana kijicho.

Kwa hivyo siku mpiga besi wangu aliponiambia, "Mzee, hiki kisanduku ni rahisi tu, unachomeka na unapiga," nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Alikuwa amenipigia besi miaka kumi na minane. Mtu ukikaa naye miaka kumi na minane unamjua, lakini pia yeye anakujua, na hapo ndipo pabaya.

Kisanduku chenyewe ni cha chuma, kikubwa kama Biblia mbili zilizolazwa bega kwa bega. Juu kina vitufe vitatu vya kukanyaga na kioo kidogo kama cha simu. Unachomeka gita upande huu, unatoa waya upande ule kwenda kwenye spika za ukumbi, basi. Ndani yake eti mna amplifaya za dunia nzima. Si amplifaya zenyewe, ni mwigo wake. Watu wa kiwandani wamezisikiliza, wamezipima kwa kompyuta, wakaufungia huo mwigo humo ndani. Tena wameshakupangia sauti tayari, zaidi ya mia moja, kila moja na nambari yake na jina lake la Kiingereza. Ukikanyaga, sauti inabadilika. Muuzaji alikuwa na neno lake la kuziita. Mimi niliziita sauti za kiwandani.

Nilikuwa na amplifaya yangu. Ninayo mpaka leo. Ni ya valvu, zile zinazowaka ndani kama makaa, na kuibeba kunataka wanaume wawili waliokula. Nimeitengeneza kwa mikono yangu mara nyingi hata sikumbuki ni kipi ndani yake kilichotoka nayo kiwandani. Ukiipandisha, kuku wa jirani wanaacha kutaga. Nisingeitafutia mke mwenza kama si ile hoteli ya Milimani.

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja mpole wa sauti na mgumu wa uamuzi. Ana bustani nzuri, nyasi zimekatwa, miti ina vivuli, na Jumapili baada ya kanisa wakubwa wa mji wanaleta familia zao kula samaki. Alitaka bendi ya mchana. Tulipoenda kumwona alitoka mpaka kwenye geti, akaichungulia amplifaya yangu juu ya mkokoteni, akatikisa kichwa.

"Hiyo friji haiingii hapa," akasema.

"Mama, hiyo si friji. Hiyo ndiyo sauti yangu."

"Majirani zangu ni mahakimu na madaktari. Jumapili mchana wanalala. Mtapiga kupitia spika zangu, na kiasi cha sauti nashika mimi. Nawaangalia Jumapili tatu. Mkinifaa, bustani ni yenu kila wiki saa nane. Msiponifaa, natafuta dijei."

Hilo neno la dijei lilinichoma. Matanga yote sasa ni dijei. Harusi, dijei. Hata harambee ya kanisa, kijana na kompyuta yake. Mpiga ngoma wangu alikuwa ameshaanza kuendesha bodaboda, na mazoezini alikuwa anakuja na helmeti kichwani, tayari kuondoka. Nilijua wazi kwamba nikiikosa ile bustani, bendi imekufa, nami nitabaki mtu aliyewahi kupiga gita. Watu wa namna hiyo Kisumu ni wengi. Wanakaa sokoni Kibuye wakikuonyesha vidole vyao, "Unaona hivi? Hivi vidole ulikuwa huvijui."

Basi nikakinunua kisanduku. Mpiga besi ndiye aliyempata muuzaji, na hilo nililiweka akilini. Yeye pia ndiye aliyemaliza kidato cha nne, kwa hivyo alikaa sebuleni kwangu akinisomea majina kwenye kioo.

"Hii inaitwaje?"

"Hii inasema Ngurumo ya Uwanja."

"Na hii?"

"Theluji ya Alfajiri."

"Theluji? Nani Kisumu ameona theluji?"

"Mzee, kiwanda hakiko Kisumu."

"Umesoma vizuri wewe?"

"Nimesoma vizuri, Jaduong', mzee wangu. Kama unataka nitakutengenezea sauti moja yako mwenyewe. Tunaondoa haya madoido yote, tunabaki na gita. Dakika kumi tu."

Sasa nisikilizeni mimi nilivyofikiri. Huyu mtu anasoma, mimi sisomi sana. Bendi ni yangu, yeye anaipenda. Nikimwachia aingize mkono kwenye sauti yangu, siku moja nitapiga na sitajua ni mimi ninayesikika au ni yeye. Mtu wa kiwandani hanijui, wala hajui Milimani iko wapi. Hana sababu ya kuniharibia. Nikamwambia, "Hapana. Usiguse kitu. Nitatumia za kiwandani zilivyo."

Akainua mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. "Sawa, Mzee. Gita ni yako."

Wiki ile nilijifungia na hedifoni masikioni. Na nikwambie ukweli, nilidanganyika. Ngurumo ya Uwanja kwenye hedifoni ilinifanya mkubwa. Noti moja ilikuwa inazunguka kichwani kama kwaya nzima ndani ya kanisa kuu, inaenda, inarudi, inapanda dari. Nilimwita mama watoto aje avae asikie. Akavaa dakika moja, akazivua. "Umepotelea wapi humo ndani?" akauliza, akarudi kuanika omena zake, wale dagaa wa ziwa letu. Nikasema moyoni huyu hajui muziki.

Jumapili ya kwanza lile kanisa kuu likaniangukia. Katika bustani, na ngoma ikipigwa, na besi chini, na vijiko vinagonga sahani, mwangwi wote ule uligeuka ukungu. Benga inataka noti zihesabike kama punje za mahindi. Mimi nilikuwa natoa uji. Nikakanyaga nambari nyingine, ikapiga kelele mpaka mtoto akaangusha soda. Nikakanyaga nyingine, ikanong'ona. Kiwandani kila moja waliipa nguvu yake, hawakuzisikiliza zikiwa pamoja. Mama mwenye hoteli alipita karibu akaniinamia: "Baba, gita lako liko wapi? Mimi nasikia upepo tu."

Lakini hilo silo lililoninyima raha. Kulikuwa na mahali, katikati ya wimbo wa tatu, nilipoushusha mkono nipige polepole, kwa sauti ya chini, na gita likakatika. Halikufifia. Lilikatika kama bomba la maji lililofungwa. Nilipopiga kwa nguvu likarudi. Nikageuka upesi. Mpiga besi alikuwa amesimama pale pale karibu na kisanduku, na kiatu chake cha kanisani, kile kirefu kilichochongoka mbele, kilikuwa hatua moja kutoka kwenye vitufe.

Akanitabasamia. Mtu anatabasamu nini wakati gita limekatika?

Nilienda nyumbani nikakifungua kisanduku mwenyewe, sebuleni, mlango nimeufunga. Nikawa napekua kurasa zake moja moja, maneno ya Kiingereza yanapita mbele yangu kama watu nisiowajua. Kisha nikaona neno ninalolijua. Geti.

Mimi geti nalijua. Nina langu nyumbani, la chuma, la buluu, nililichomea mwenyewe. Milimani kila nyumba ina geti na mlinzi wake. Geti ni la kuzuia watu wasio na kazi na wewe. Nikaona, kumbe hawa wa kiwandani si wajinga, walijua kuna watu wenye viatu virefu wanaopenda kuingiza miguu kwenye sauti za wenzao. Na geti lenyewe lilikuwa limefungwa kidogo tu, robo hivi. Ndiyo maana anaingia. Nikalizungusha mpaka mwisho. Kisha nikazipitia sauti zangu zote za Jumapili, moja baada ya nyingine, nikazifungia geti zote. Nililala vizuri siku ile kuliko wiki nzima.

Hapo lazima nieleze pakruok, kwa msomaji ambaye hakukulia huku kwetu. Benga inapokolea, mtu anainuka kwenye meza yake, anaitolea bendi pesa, anaomba muziki ushuke, halafu anajisifu. Anajisifu mwenyewe, ukoo wake, mke wake, ufuo wake, ng'ombe wake. Si majivuno ya hovyo, ni sanaa, na mwenye ulimi mtamu anakumbukwa miaka. Sasa kazi ya gita pale ni moja. Ngoma inanyamaza, besi inashuka, lakini gita linabaki chini ya maneno yake, polepole kabisa, kama mtu anayemshikia mgeni mwavuli. Likinyamaza kabla hajamaliza, umemwambia mbele ya watu: kaa chini, unadanganya. Mimi katika maisha yangu ya muziki sijawahi kumwangusha mtu. Nimewabeba walevi, nimewabeba wenye kigugumizi, wote wakaketi wakubwa.

Jumapili ya pili alikuja mnunuzi mmoja wa samaki kutoka Usenge. Mtu mzito, kofia, fimbo, meza nzima ya wageni wake, na mama mwenye hoteli alimpokea mwenyewe kwa sababu samaki wanaokaangwa pale wanatoka kwake. Katikati ya wimbo akainuka, akainua fimbo. Nikawapa ishara wenzangu. Ngoma ikanyamaza, besi ikashuka. Nikaulegeza mkono.

"Niacheni niseme!" akaanza. "Mimi ndiye dume la Usenge! Nikikohoa asubuhi, omena wanaruka wenyewe kwenye neti! Mbuta akisikia jina langu anajipeleka kwenye mizani..."

Na gita likafa.

Nilikuwa napiga. Vidole vilikuwa vinakwenda. Lakini kwenye spika hakuna kitu, kimya, kunguru tu juu ya mti. Mzee wa Usenge alibaki na fimbo hewani. Nikaongeza nguvu kidogo: noti moja ikatoka, tah!, kisha kimya tena. Ikawa mbaya zaidi, kama mtu anayemcheka.

Akanigeukia. "Nani amezima gita yangu?"

"Mzee, hakuna aliyezima..."

"Mimi nasimama, wewe unanizimia? Nimekuja hapa na wakwe zangu!"

"Si mimi, Mzee wangu. Ni..."

"Ni nani? Ni omena?"

Wakacheka meza za pembeni. Wakwe zake hawakucheka. Akaketi, akaiweka kofia juu ya meza, na hiyo meza haikugusa chakula tena. Mama mwenye hoteli alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. Tulipokuwa tunafungasha akaja. "Imebaki moja," akasema, "na yule mzee nimemwomba arudi siku hiyo. Akiondoka vile tena, na ninyi mnaondoka."

Nilimsubiri mpiga besi nyuma ya jikoni, pale kwenye magunia ya makaa. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Nimekufanyia nini?"

"Mguu wako."

"Mguu wangu umefanya nini?"

"Miaka kumi na minane unaitaka hii bendi. Umenitafutia muuzaji, ukanitafutia kisanduku, ukanisomea majina ya uongo, sasa unanizima mbele ya watu ili mama aniondoe mimi abaki na wewe. Unafikiri sijui kusoma, na watu pia siwasomi? Wewe ni mwizi."

Alikuwa anakunja waya wa besi. Akamaliza kuukunja taratibu, akaufunga kwa kamba kama anavyofanya siku zote. "Omera," akasema, yaani ndugu, na hajaniita hivyo miaka mingi, huwa ananiita Mzee, "tafuta mtu mwingine wa besi." Akaondoka kwa miguu, besi mgongoni. Mpiga ngoma alikuwa ameshavaa helmeti.

Nilikuwa nimeshinda, kwa hesabu yangu. Mwizi amekimbia. Jumatatu nikajiambia nitapiga bila besi, nitawaonyesha. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano mchana nilikaa uani, nimekichomeka kisanduku kwenye spika yangu ndogo, nikawa nafanya mazoezi ya kumbeba yule mzee, polepole, polepole. Na likakatika.

Nikatazama huku na huku. Geti la buluu limefungwa. Mbwa amelala. Hakuna kiatu kirefu. Mama watoto tu, anageuza omena juu ya neti.

"Umegusa waya?" nikamwuliza.

"Mimi niguse waya wako, nina haraka ya kufa?" Akatega sikio. "Hebu piga kwa nguvu."

Nikapiga. Likatoka.

"Piga pole."

Kimya.

Akarudi kwenye omena zake. "Hiyo kitu ni kama wewe tu. Mtu asipopiga kelele, haimsikii."

Niliyameza hayo maneno na nikakaa nayo. Kisha nikaenda kwenye ule ukurasa, nikalishusha geti kidogo. Nikapiga pole. Likatoka kidogo. Nikalishusha tena, likatoka zaidi. Nikalifungua lote, na gita likanong'ona hadi mwisho wa noti, hadi kwenye kile kikohozi kidogo cha umeme ambacho ndicho geti lilikuwa limewekwa kukizuia. Halikuwa la kuzuia watu. Lilikuwa linazuia sauti yoyote isiyo na nguvu za kusukuma. Kiwandani walikuwa wameliacha robo. Aliyelifunga mpaka mwisho ni mimi, mlango nimejifungia, na ufunguo mfukoni.

Nilikaa pale mpaka kivuli kikanihama. Nilijaribu kila njia ya kumpata mtu mwingine wa kulaumu, na nina kipaji hicho, lakini sikumpata.

Alhamisi nikaenda Otonglo kwa mpiga besi. Ana kibanda pale sokoni, kando ya barabara ya Busia, anauza mbegu na chakula cha kuku. Aliniona nikivuka barabara, akashika kopo la kupimia kama mtu mwenye wateja ishirini. Alikuwa na mmoja, mama wa makamo na gunia lake.

"Karibu," akasema. "Kuku wa mayai au wa nyama?"

"Nimekuja kukuambia kitu."

"Vifaranga nitapata wiki ijayo."

"Lile geti la kwenye kisanduku. Kumbe linafungia sauti."

Akaacha kupima. "Nani alilifunga?"

"Lilijifunga."

"Lilijifunga." Akamgeukia yule mama. "Mama, wewe una nyumba. Umewahi kuona geti linajifunga?"

"Kama kuna upepo," mama akasema.

"Basi ni upepo," nikasema.

"Na upepo umetoka Kisumu mpaka hapa kwa sababu gani?"

Mama yule akatutazama mmoja mmoja, akaweka gunia chini. Aliona kuna maneno, na hakuwa na haraka. Nami sikuweza kumfukuza mteja wa mtu.

"Nililifunga mimi," nikasema. "Nilifikiri ni la kukuzuia wewe."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alimimina lile kopo ndani ya gunia, akalipigapiga likae sawa. "Uliniita mwizi kwenye makaa."

"Nilisema."

"Sasa sikiliza, Jaduong'. Miaka kumi na minane nakushikia besi ukijisifu. Kila onyesho lazima ujisifu, na mimi dum, dum, dum, niko chini yako. Sijawahi kusikia ukimsifu mtu mwingine hata kwa bahati mbaya. Jumapili nitakuja. Utasimamisha muziki, utafanya pakruok, na utamsifu mpiga besi. Na utasema nani alifunga geti. Yule wa Usenge akiwepo."

"Mbele ya wakwe zake?"

"Hasa wakwe zake."

"Mkubalie, Baba," yule mama akasema, "kuku wangu wananingoja."

Nikamwuliza swali moja kabla ya kuondoka, kwa sababu lilikuwa linaniwasha. "Wewe umesoma. Ulijua ni geti?"

"Uliniambia nisiguse kitu. Ningegusa ningejua."

Mpaka leo sijui kama hilo ni jibu.

Jumapili ya tatu tulifika saa tano, kabla ya watu. Alinilazimisha nipitie sauti zote za kiwandani pale pale, kwenye zile spika za bustani, si kwenye hedifoni, na yeye anapiga besi, na mpiga ngoma na helmeti yake wanapiga ngoma. Tulizitupa moja moja. Ngurumo nje. Theluji nje. Zilikuwa nzuri zote kwa mtu aliye peke yake chumbani. Tulipofika sitini na kitu ikatokea moja iliyokuwa kavu kama muhogo uliokaa juani: amplifaya moja, bila mwangwi, bila madoido.

"Inaitwaje hii?"

"Inasema Safi tu. Mwenye kuitengeneza alikuwa amechoka."

Nikapiga mstari mmoja wa benga, na punje zikahesabika. Nikaangalia geti, nikalifungua lote mwenyewe. Nikaamua hiyo moja mchana kutwa, mguu wangu hautakanyaga kitu. Kuongeza na kupunguza nitafanya kwa vidole na kwa kile kitufe cha sauti kilicho kwenye gita, kama nilivyofanya siku zote kabla sijaambiwa kuna njia rahisi.

Mzee wa Usenge alikuja saa tisa na wakwe wale wale. Aliketi, akaipa bendi mgongo. Mama mwenye hoteli alikuwa mlangoni mwa jikoni, hakuketi.

Wimbo wa nne nikausimamisha. Nikashika maikrofoni. Nimesema mbele ya watu mara nyingi kuliko padri, na siku ile ulimi ulikuwa mzito kama kiatu kilichoingia maji.

"Niacheni niseme," nikasema. "Mimi niliyejifundisha gita kwa mkebe. Mimi ambaye Kisumu nzima..."

Besi ikasita. Nikamtazama. Alikuwa ameinua kidole kimoja juu ya uzi, anangoja.

"Leo sijisifu," nikasema, na besi ikarudi. "Namsifu huyu hapa. Dume la Otonglo. Mtu ambaye besi yake ndiyo sakafu, mimi nachezea juu yake nikidhani naruka. Kuku wakimwona wanataga kabla hawajalishwa!"

"Ongeza!" mpiga besi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mtu wa kusoma, mtu wa subira, ambaye kiatu chake kirefu hakijawahi kukanyaga jasho la mwenzake!"

"Bado."

Watu walikuwa wameanza kucheka. Mgongo wa Usenge umegeuka nusu.

"Na yule mzee wa heshima," nikasema, "Jumapili iliyopita hakuna aliyemzima. Niliizima sauti yangu mwenyewe. Nilifunga geti nikiogopa mwizi, nikajifungia nje. Mwizi hakuwepo."

Bustani ikalipuka. Mkwe mmoja alipiga meza mpaka glasi zikaruka. Yule mzee alisubiri kelele zishuke, akaichukua fimbo, akainuka taratibu. "Kama ni hivyo," akasema, "nirudishie gita yangu."

Basi nikaulegeza mkono. Sijawahi kusikiliza kitu maishani kama nilivyosikiliza zile spika. Nilikuwa nakingojea kile kimya. Nilipiga polepole zaidi ya wiki ile, nikalipeleka chini mpaka mahali ambapo uzi unaguswa tu, na lilikuwepo. Alisema juu ya omena, akasema juu ya mbuta, akasema juu ya wakwe zake na uzuri wa binti yao, alisema mpaka nikahofia giza litaingia akiwa bado amesimama, na gita lilibaki chini yake mpaka alipogonga fimbo na kuketi mwenyewe.

Tulipokuwa tunafungasha, mama mwenye hoteli akaja. Nilijipanga kusimama vizuri, nikaweka maneno tayari juu ya kazi yangu na jina langu.

"Jumapili ijayo saa nane," akasema. "Na zote zinazofuata. Yule wa besi asikose." Akaingia jikoni.

Tumepiga katika ile bustani tangu siku hiyo, kwa ile sauti moja ya kiwandani, na mpiga ngoma siku hizi helmeti anaiacha nyumbani. Kazi ninayo, bendi iko hai, na aliyeiokoa ni mimi. Lakini kuna kitu kimoja hakijaniacha. Mama yule alisema yule wa besi asikose. Hakusema mimi nisikose. Nimemwuliza mpiga besi anafikiri alikuwa na maana gani, akasema, "Si unajua Kiswahili, Mzee? Maana yake nisikose." Mara mbili nimepata homa Jumapili, homa ya kweli ya kutetemeka, na mara zote mbili nimeamka nikavaa, nikaenda, kwa sababu sitaki kujua kama wangeweza kupiga bila mimi.